Harold Gillies, daktari aliyewajengea upya mataya wanajeshi waliopigwa risasi usoni

BARAKA, Kivu ya Kusini – Katika wilaya ya Fizi, vita si habari ya kusimuliwa na wazee peke yao. Kutoka mji wa Baraka, kandokando ya ziwa Tanganyika, hadi kwenye milima ya Minembwe, watu wamekua wakisikia milio ya bunduki, na wengi wana ndugu au jirani aliyebaki na alama ya risasi mwilini. Jeraha la mguu linafichwa na suruali. Jeraha la taya halina pa kufichwa: mtu anashindwa kutafuna ugali, mate yanamtoka, maneno yake hayaeleweki, na mwishowe anaacha kwenda sokoni na kanisani kwa sababu ya macho ya watu.

Siku hizi muganga wa meno anaweza kumwambia mtu kama huyo kwamba inawezekana kupata meno mapya yaliyofungwa ndani ya mfupa. Lakini atamwambia pia kwamba kwanza mfupa wenyewe lazima ujengwe, kwa kuchukua kipande cha mfupa mahali pengine mwilini na kukipandikiza kwenye taya. Kazi hiyo ilikua katika vita kuu ya kwanza ya dunia, na mmoja wa watu walioijenga ni daktari mpasuaji Harold Gillies, aliyefariki mwaka 1960. Maisha yake yanaonyesha kwa nini taya halijengwi kwa haraka, na kwa nini kazi ya kuliokoa inaanzia pale pale majeruhi alipoangukia.

Mtoto wa Dunedin

Harold Delf Gillies alizaliwa tarehe 17 mwezi wa sita mwaka 1882 katika mji wa Dunedin, New Zealand. Alikuwa mtoto wa mwisho katika familia kubwa. Baba yake, aliyekuwa mfanyabiashara na aliyewahi kuwa mbunge, alifariki Harold akiwa bado mdogo sana. Akiwa mtoto alivunjika kiwiko cha mkono wa kulia wakati wa mchezo nyumbani, na mkono huo haukunyooka tena vizuri maisha yake yote. Hata hivyo, ni mkono huo uliokuja kushona nyuso za maelfu ya watu.

Alikwenda Uingereza kusoma kwenye chuo kikuu cha Cambridge, kisha akasomea uganga katika hospitali ya St Bartholomew's, London. Alikuwa mtu wa michezo: mwaka 1904 alipiga makasia katika mashindano makubwa ya mashua kati ya Cambridge na Oxford, na baadaye aliichezea Uingereza mchezo wa gofu. Alipenda pia kuchora picha na kufanya mizaha. Mwaka 1910 alipata shahada ya juu ya wapasuaji, akachagua kutibu masikio, pua na koo. Mwaka uliofuata alimwoa Kathleen Jackson, nao wakazaa watoto wanne. Hadi hapo hakuna aliyedhani kwamba atajulikana kwa lolote zaidi ya kuwa daktari mzuri wa mjini.

Vita ya mahandaki

Vita ilipoanza mwaka 1914, wanajeshi walijichimbia mahandaki. Mwili ulikuwa umekingwa na udongo, lakini kila aliyeinua kichwa kuchungulia aliweka uso wake mbele ya bunduki. Vipande vya makombora viling'oa pua, vikapasua mashavu, vikachukua nusu ya taya la chini pamoja na meno yake.

Gillies alipelekwa Ufaransa mwaka 1915. Karibu na mji wa Boulogne alikutana na muganga wa meno aitwaye Charles Valadier, aliyekuwa akijaribu kuokoa mataya yaliyovunjika. Valadier alikuwa tajiri na mwenye vituko, kiasi cha kuweka kiti cha kutibia meno ndani ya gari lake la Rolls-Royce. Lakini kwa kuwa hakuwa daktari wa upasuaji, jeshi lilitaka awepo daktari wa kumsimamia, na Gillies akapewa kazi hiyo. Aliyetumwa kusimamia akageuka mwanafunzi. Aliona kwamba bila muganga wa meno, mpasuaji hawezi kulirudisha taya mahali pake, maana meno ndiyo yanayoonyesha jinsi taya la juu na la chini yanavyopaswa kukutana.

Wakati huohuo alipata kitabu cha Mjerumani, August Lindemann wa Düsseldorf, kuhusu upasuaji wa mataya. Ujerumani ilikuwa adui, lakini Gillies alikisoma kwa makini. Kisha akaenda Paris kumtazama Hippolyte Morestin, mpasuaji mzaliwa wa Martinique aliyefanya kazi katika hospitali ya jeshi ya Val-de-Grâce. Morestin aliondoa kansa usoni mwa mgonjwa mbele yake, akaliziba pengo kwa ngozi aliyoivuta kutoka pembeni. Gillies alirudi akiwa ameamua kwamba hiyo ndiyo kazi yake.

Hospitali ya nyuso

Alimshawishi mkuu wa upasuaji wa jeshi la Uingereza, na mwezi wa kwanza mwaka 1916 akapewa sehemu katika hospitali ya jeshi ya Aldershot. Aliogopa kwamba majeruhi wa uso wangetawanyika katika hospitali nyingine zisizojua la kuwafanyia. Kwa hiyo alinunua kwa pesa zake vibandiko vyenye anwani ya hospitali yake, akavituma Ufaransa ili wafungwe navyo nguoni.

Tarehe 1 mwezi wa saba mwaka huo yalianza mapigano ya Somme. Aldershot ilikuwa imejiandaa kupokea majeruhi 200 wa uso. Walifika kama 2,000. Ikaonekana wazi kwamba sehemu moja ndani ya hospitali haitoshi, na mwaka 1917 ikafunguliwa hospitali nzima kwa ajili yao huko Sidcup, kusini-mashariki ya London. Kati ya mwaka 1917 na 1925 zilifanywa pale operesheni zaidi ya 11,000 kwa wanajeshi zaidi ya 5,000.

Ndani ya vyumba vya wagonjwa vioo vilikatazwa. Njiani, kati ya hospitali na mji, baadhi ya mabenchi yalipakwa rangi ya bluu, ili wenyeji wajue kwamba anayeketi pale anaweza kuwa na uso ulioharibika, wasishtuke. Wagonjwa walifundishwa pia kazi za mikono, kwa sababu Gillies alijua kwamba mtu aliyepona uso bila kuwa na kazi bado hajapona. Mchoraji Henry Tonks, ambaye naye alikuwa daktari, alichora nyuso zao kabla na baada ya kutibiwa.

Mfupa unavyopandikizwa

Msaidizi mkubwa wa Gillies alikuwa muganga wa meno William Kelsey Fry. Waligawana kazi: Fry alishughulika na mifupa na meno, Gillies na nyama na ngozi. Fry alitengeneza vifungo vya chuma vilivyovishwa kwenye meno yaliyobaki ili vipande vya taya visisogee. Bila hivyo, misuli huvuta kila kipande upande wake, na taya hupona likiwa limepinda.

Pengo likiwa kubwa, palihitajika mfupa mpya. Ulichukuliwa kwenye ubavu, kwenye nyonga au kwenye muundi wa mguu, ukachongwa kulingana na pengo, ukafungwa pande zote mbili. Mfupa huo unakuwa kama daraja. Mishipa midogo ya damu inaingia ndani yake polepole kutoka kwenye taya la zamani, na chembe hai zinaula mfupa uliopandikizwa na kuweka mfupa mpya mahali pake. Hilo linachukua miezi. Kipande kikicheza au kikikosa damu, kinakufa, na mwili unakitoa nje kama mwiba.

Adui mwingine ni mate. Kinywa kimejaa vijidudu, na wakati ule dawa ya penisilini ilikuwa bado haijagunduliwa. Mfupa uliopandikizwa huku tundu la mdomoni likiwa wazi ulioza. Ndiyo maana Gillies alishika utaratibu ambao hadi leo haujabadilika: kwanza jeraha lisafishwe na kupona, kisha utando wa ndani ya kinywa ufungwe, ndipo mfupa uwekwe, na ngozi ya nje iufunike vizuri. Kuna wapasuaji waliofunga ngozi ya nje tu ili uso uonekane mzuri haraka. Baada ya muda ngozi ilijikunja kuelekea ndani, kwa kuwa nyuma yake hapakuwa na kitu cha kuishikilia, na mgonjwa akawa katika hali mbaya kuliko mwanzo.

Ngozi nayo ilihitaji damu. Mwezi wa kumi mwaka 1917, akimtibu baharia Willie Vicarage, aliyeungua vibaya katika vita vya baharini vya Jutland, Gillies aliona kwamba kipande cha ngozi alichokinyanyua kifuani kilikuwa kinajikunja chenyewe kando. Akakishona kikawa kama mrija. Ndani ya mrija huo damu ilipita salama, na vijidudu havikuingia. Baada ya wiki kadhaa, upande mmoja ulipokwisha kuota usoni, upande wa kifuani ulikatwa. Daktari Filatov wa Odessa alikuwa amegundua njia hiyohiyo muda mfupi kabla, bila wawili hao kujuana.

Kijana Lumley

Haikuwa ushindi kila siku. Henry Lumley alikuwa rubani kijana aliyeungua uso wote mwaka 1916 ndege yake ilipoanguka. Alipofika Sidcup alikuwa amedhoofika kwa maumivu na dawa za kutuliza. Gillies aliamua kumbadilishia karibu uso mzima kwa mara moja, kwa ngozi kubwa aliyoitoa kifuani. Ngozi hiyo ilioza, kifua nacho hakikupona, na mwezi wa tatu mwaka 1918 Lumley akafariki.

Gillies hakulificha kosa hilo. Alilieleza katika kitabu chake. Alitambua kwamba angeifanya kazi ile kidogokidogo na kumpa kijana muda wa kupata nguvu. Tangu hapo, kanuni aliyowafundisha wanafunzi wake ilikuwa kwamba operesheni inayoweza kungoja hadi kesho isifanywe leo. Kwa watu waliozoea kumsifu daktari mwenye haraka, hilo lilikuwa somo gumu. Baadhi ya wagonjwa wa Sidcup walipitia operesheni kumi au zaidi kwa miaka kadhaa. Wengine walichoka, wakaomba waachwe jinsi walivyo.

Mwaka 1920 alitoa kitabu kikubwa kuhusu upasuaji wa uso, chenye picha za wagonjwa wake hatua kwa hatua. Mwaka 1930 mfalme wa Uingereza alimpa cheo cha heshima cha Sir. Katika vita kuu ya pili aliongoza hospitali nyingine, Rooksdown House, karibu na Basingstoke, na mwaka 1946 akawa rais wa kwanza wa chama cha wapasuaji wa aina hiyo nchini Uingereza. Tarehe 3 mwezi wa nane mwaka 1960, akiwa na umri wa miaka 78, alipatwa na kiharusi akiwa katika chumba cha upasuaji, akitibu mguu wa msichana wa miaka 18. Alifariki tarehe 10 mwezi wa tisa.

Vita ileile, ziwa letu

Ni vizuri kukumbuka kwamba vita iliyojaza vitanda vya Gillies ilifika pia ziwa Tanganyika. Tarehe 26 mwezi wa kumi na mbili mwaka 1915, siku chache kabla Gillies hajafungua sehemu yake Aldershot, boti za Waingereza ziliiteka meli ya Wajerumani, Kingani, karibu na mahali panapoitwa leo Kalemie, kusini ya Fizi. Mwaka uliofuata majeshi ya Kongo ya Ubelgiji yaliingia Rwanda, Burundi na Tanganyika, yakifika hadi Tabora, na nyuma yao walikuwa wapagazi wengi sana wa Kiafrika waliobeba risasi na chakula vichwani.

Kwa wapagazi na askari hao hapakujengwa Sidcup. Aliyevunjika taya alirudi kijijini jinsi alivyo, kama alirudi. Elimu ya kujenga nyuso ilizaliwa katika vita hiyo, lakini iliwafikia baadhi tu ya waliopigana.

Ilifika Afrika Mashariki kwa njia ya mwanafunzi wa mwanafunzi. Archibald McIndoe, ndugu wa ukoo wa Gillies na mzaliwa wa Dunedin vilevile, alifika London mwaka 1930, na Gillies akamfundisha kazi. McIndoe alikuja kuwa maarufu kwa kuwatibu marubani walioungua katika vita kuu ya pili. Kwake alijifunza Michael Wood, mpasuaji aliyeishi Kenya. Mwaka 1957 Wood, McIndoe na Mmarekani Tom Rees walianzisha huduma ya madaktari wanaoruka kwa ndege kwenda kutibu watu wa mbali, shirika linalojulikana hadi leo kwa jina la AMREF. Watatu wote walikuwa wapasuaji wa kurekebisha maumbile. Walikuwa wameona watu walioungua, waliojeruhiwa na wanyama na watoto waliozaliwa na midomo iliyopasuka, wote wakiishi mbali na daktari.

Meno huja mwisho

Gillies hakuona meno ya kupandikiza yanayotumika leo. Msweden Per-Ingvar Brånemark alikuwa ameona mwaka 1952 kwamba mfupa hushikamana na madini ya titani, lakini mgonjwa wake wa kwanza alitibiwa mwaka 1965, miaka mitano baada ya kifo cha Gillies. Mwaka 1989 David Hidalgo wa New York alieleza jinsi ya kujenga taya kwa mfupa mwembamba wa mguu, ukihamishwa pamoja na mishipa yake ya damu na kuunganishwa na mishipa ya shingoni chini ya hadubini. Mfupa wa namna hiyo hauna haja ya kungoja damu, maana unakuja nayo.

Lakini utaratibu ni uleule. Skrubu ya titani inahitaji mfupa wenye kimo na unene wa kutosha kuikamata. Hata bila risasi, jino likiisha kung'oka mfupa wake huanza kupungua, kwa sababu haufanyi kazi tena. Pengo likiwa dogo, kipande kidogo cha mfupa kutoka kidevuni au nyuma ya taya kinatosha. Likiwa kubwa, kwa risasi, ajali ya pikipiki au uvimbe uliolazimu taya kukatwa, ndipo nyonga au mguu unahitajika. Mara nyingi mgonjwa hungoja miezi minne hadi sita au zaidi kabla ya kuwekewa skrubu. Anayeahidi meno ya kudumu kwa wiki moja kwenye taya lisilo na mfupa anauza hasara: mtu anaweza kuuza shamba au ng'ombe, kisha meno yakang'oka.

Kwa mkaaji wa Fizi, operesheni kama hiyo ni safari ndefu ya kwenda mji mkubwa, na barabara ya Baraka kwenda Uvira, mvua zikinyesha, inajulikana. Lakini sehemu moja ya elimu ya vita ile haihitaji chumba cha upasuaji wala pesa. Huko Ufaransa, waokoaji waliwalaza majeruhi wa taya chali kwenye machela kama majeruhi wengine, na wengi walikufa njiani. Hawakuuawa na risasi. Taya likivunjika, ulimi hukosa pa kujishikilia. Mtu akilazwa chali, ulimi na damu huziba koo. Waganga walipogundua hilo, waliagiza wabebwe wakiwa wameketi, kichwa kikiwa kimeinama mbele.

Utaratibu huo unafaa hata leo, iwe ni kwenye machela, mtumbwi au pikipiki. Majeruhi wa taya mwenye fahamu aketishwe akiinamia mbele, damu itoke nje. Aliyezimia alazwe ubavu, kamwe asilazwe chali. Meno yaliyong'oka, damu iliyoganda na vipande visivyoshikamana vitolewe mdomoni, lakini nyama au mfupa ambao bado umeshikilia usikatwe wala kutupwa: Gillies alisisitiza kwamba kila kilicho hai kirudishwe mahali pake, kwa sababu hakuna cha kukopa mwilini kinacholingana nacho. Jeraha likandamizwe kwa kitambaa safi, na majeruhi afikishwe hospitalini haraka. Mfupa unaweza kupandikizwa baada ya mwaka mmoja, na meno baadaye zaidi, ikiwa mtu huyo alifika akiwa bado anapumua.